Miwani Uliyofaulia Ndiyo Uende Nayo Kazini

Nilikuwa na miaka 43 siku kijana aliyekuwa ananishikia tochi aliponiambia, kwa adabu zote, "Samahani mzee, hapo pembeni mwa mshono naona kama kuna mstari." Tulikuwa ndani ya tangi la mafuta, nimechuchumaa mbele ya weldi ambayo nilikuwa nimeshaipitisha na kuiwekea alama ya chaki. Nikasogeza uso, nikaurudisha nyuma, nikausogeza tena. Sikuona kitu. Nikamwambia alete kitambaa na makopo ya penetranti. Nusu saa baadaye, developa ilipokauka, mstari mwekundu ukajitokeza ukingoni mwa mshono, mwembamba kama uzi, urefu wake kama kucha ya kidole gumba.

Kwenye faili langu kulikuwa na fomu ya macho ambayo haijatimiza hata miezi minne, inasema naona sawasawa. Na siku ya kupimwa kweli nilifaulu. Nilifaulu kwa sababu kadi niliyopewa ni ileile niliyosomeshwa miaka sita mfululizo, na maneno yake nilikuwa nimeshayashika kichwani bila kukusudia. Hakuna aliyenituma kudanganya. Nilianza kusoma mstari wa juu, na nilipofika ule mdogo kabisa ulimi ukamalizia wenyewe kile ambacho macho yalikuwa yameshindwa.

Ndugu zangu mnaofanya kazi hii ya kukagua vyuma bila kuviharibu, ambayo sote tunaiita NDT, makala hii naiandika kwa sababu ya siku ile. Iwe unasoma filamu za eksirei, unapuliza penetranti, unamwaga chembe za sumaku, unasukuma probu ya ultrasoniki au unaangalia weldi kwa macho matupu na tochi, kila mwaka unaletewa fomu ya macho. Wengi wetu tunaichukulia kama karatasi ya kumridhisha mkaguzi wa nje. Naomba tuiangalie upya.

Kwanza tujue kinachotakiwa, maana nimekutana na watu wa daraja la pili wenye miaka kumi kazini ambao hawajui. Kiwango cha ISO 9712, ambacho vyeti vingi vya kimataifa vinakifuata, kinataka usome herufi za Jaeger namba 1, au Times Roman N4.5, au herufi zinazolingana nazo, kwa umbali usiopungua sentimita 30. Unaweza kutumia jicho moja au yote mawili, kwa miwani au bila miwani. Kipimo hiki kinarudiwa kila mwaka. Upande wa ndege, NAS 410 ya Marekani na mwenzake EN 4179 wa Ulaya nao wanasimamia Jaeger 1. Mwongozo wa Wamarekani unaoitwa SNT-TC-1A umelegea kidogo, unaridhika na Jaeger 2 kwa umbali uleule, walau kwa jicho moja. Lakini mwongozo huo ni mapendekezo tu. Utaratibu wa maandishi wa mwajiri wako ndio unaokubana, na mwajiri anaruhusiwa kukaza zaidi. Kwa hiyo usiseme "mimi nilipimwa J2 inatosha" kabla hujaomba utaratibu huo na kuusoma.

Jambo moja kuhusu hizi namba za Jaeger watu hawaambiwi. Eduard Jaeger alikuwa daktari wa macho wa Vienna, na mwaka 1854 alitoa kitabu cha maandishi ya kupimia macho ya karibu kwa kutumia saizi za herufi alizozikuta katika matbaa. Namba zake zilikuwa namba za orodha tu, hazikutokana na hesabu ya pembe ya jicho wala milimita. Wachapaji waliofuata kila mmoja akatumia herufi zake. Ndiyo maana J1 ya kadi moja inaweza kuwa ndogo au kubwa kuliko J1 ya kadi nyingine. Kiwango cha ISO 9712 kimeweka N4.5 na urefu wa milimita 1.6 ili kuwe na kitu cha kushika. Pointi moja ya wachapaji ni kama milimita 0.35, na pointi 4.5 zinakupa hiyo 1.6. Huo ni urefu wote wa herufi, kuanzia kichwa cha "h" mpaka mkia wa "g". Herufi "a" peke yake haifiki hata milimita moja.

Sasa chukua kadi ya ofisini kwenu uiangalie. Je, ni ya asili au ni fotokopi ya fotokopi? Mashine ya kunakilia inaweza kukuza kwa asilimia chache bila mtu kujua, na wino wake unanenepesha herufi. Nimewahi kuona kadi iliyochapwa kutoka kwenye simu, mstari wa mwisho una herufi kubwa kama za gazeti. Kila aliyeisoma alifaulu, akiwemo mzee mmoja aliyekuwa anasubiri upasuaji wa mtoto wa jicho. Nunueni kadi halisi, haina gharama ya kutisha. Halafu fungeni uzi kwenye kona yake, pigeni fundo penye sentimita 30. Anayepimwa anashika fundo shavuni chini ya jicho, uzi unanyooka, basi. Bila uzi, mtu mwenye macho machovu ataipeleka kadi mbali kidogo kidogo mpaka asome, na mtu mwenye macho ya kuona karibu tu ataileta puani.

Kadi nyingi zina hadithi ya Kiingereza. Kwa kijana aliyesoma kwa Kiswahili hadi mwisho, hilo ni tatizo la pili juu ya la kwanza, maana anapigana na lugha huku anapigana na ukubwa wa herufi, na aliyezoea Kiingereza anabahatisha neno zima kwa kuona nusu yake. Dawa ipo na inakubalika: kadi ya herufi E inayogeuzwa juu, chini, kushoto na kulia, au ile ya duara lenye pengo. Unaonyesha kwa kidole pengo liko wapi. Hapo hakuna cha kukariri wala kubahatisha sentensi. Kama mimi ningepimwa kwa E mwaka ule, ningeanguka asubuhi na kuvaa miwani jioni.

Nije kwenye kiini. Fomu ina kisanduku kinachouliza kama umesoma kwa miwani au bila miwani. Ukisoma kwa miwani, cheti chako kimesimama juu ya miwani hiyo. Ukiiacha nyumbani, au ndani ya gari, au mfukoni kwa sababu inachafuka na vumbi la grainda, basi aliyepanda kwenye jukwaa siku hiyo hana cheti. Nalisema kwa ukali kwa sababu nimelishuhudia mara nyingi: mtu ana miwani ya kupimiwa, inatoka mara moja kwa mwaka kama kanzu ya Idi.

Na mara nyingi kosa si la uvivu. Miwani yenyewe haifai kwa kazi, na hapa ndipo nataka ukae na mimi kidogo.

Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu, inashindwa kujikunja ili kuona karibu. Unaanza kuisogeza simu mbali ili usome ujumbe. Unakwenda dukani kwenye miwani, unaeleza kwamba una mtihani wa kusoma herufi ndogo kwa sentimita 30, unapewa lenzi za kusomea zenye nguvu, tuseme +3.00. Nguvu hiyo, kwa jicho ambalo uwezo wake wa kujikunja umekwisha na halina kasoro nyingine, inaona vizuri kwenye sentimita 33. Gawanya 1 kwa 3 upate mita 0.33, hesabu ndiyo hiyo. Kadi unaisoma kama unasoma bango la barabarani, unafaulu.

Kesho yake uko kwenye bomba. Kiwango cha ukaguzi wa weldi kwa macho, ISO 17637, kinataka jicho liwe ndani ya milimita 600 kutoka kwenye chuma, na pembe ya kutazama isipungue nyuzi 30. Mara nyingi huwezi kukaribia zaidi ya hapo, kuna vali, kuna kiunzi, kuna joto. Kwa sentimita 60, lenzi inayohitajika ni kama +1.67. Kwa +3.00 weldi inakuwa ukungu. Unaivua miwani ili uone vizuri, na bila miwani nako huoni. Hivyo mtu mwaminifu kabisa, mwenye fomu safi kabisa, anapitisha ufa.

Kwa hiyo ukienda kupimwa, nenda na tepu ya kupimia. Siku moja kabla, kazini, mwombe mwenzako apime kutoka jichoni mwako hadi kwenye chuma, mahali panne au patano unapofanya kazi kweli: benchi la penetranti, bomba la chini, mshono wa juu ya kichwa, skrini ya ultrasoniki, taa ya kusomea filamu. Andika umbali huo kwenye karatasi, umpe mpima macho. Mwambie, "Daktari, mimi sisomi gazeti. Natafuta mistari midogo kwenye chuma, kwa umbali huu na huu." Mpima macho mzuri atafurahi kupata taarifa hiyo, maana wagonjwa wengi hawampi.

Mwulize pia kuhusu lenzi zenye sehemu mbili au zile zinazopanda nguvu polepole. Sehemu ya kuonea karibu huwekwa chini, kwa sababu msomaji wa kitabu huinamisha macho. Sisi tunatazama juu. Ukilala chali chini ya bomba ukatazama mshono uliopo juu ya uso wako, unatazama kupitia sehemu ya kuonea mbali. Nimeona watu wazima wakikunja shingo kama kuku anayekunywa maji ili waupate mshono kwenye sehemu ya chini ya lenzi. Zipo lenzi za kikazi zenye dirisha la karibu juu na jingine chini, fundi umeme na fundi ndege wanazijua. Au uwe na miwani ya lenzi moja, ya umbali wako wa kazi, uiite ya kazi. Na iwe ya usalama, yenye nguvu za macho yako ndani yake, siyo ya kusomea iliyobanwa chini ya miwani ya kinga inayojaa mvuke kila ukivuta pumzi.

Onyo moja kwa wanaofanya penetranti ya kung'aa au chembe za sumaku za kung'aa: miwani inayogeuka nyeusi juani ni marufuku ndani ya kibanda cha giza. Kinachoigeuza ni miale ya urujuanimno, na taa yako inatoa miale hiyohiyo. Unawasha taa ili uone dalili, miwani nayo inatia giza. Viwango vinalikataza jambo hili waziwazi, lakini kwa jua letu miwani hiyo inapendwa sana, na muuzaji hajui kazi yako.

Kibanda chenyewe kina masharti yake. Miale isipungue wati 10 kwa mita ya mraba, mwanga mweupe usizidi laksi 20. Ukitoka kwenye jua la saa saba mchana ukaingia humo, macho yako kwa muda ni kama ya kipofu. Yape nafasi yazoee kabla ya kugusa kipande chochote. Utaratibu wako utakuambia dakika ngapi, na ukiwa na umri kama wangu, ongeza. Kwa penetranti nyekundu unahitaji kinyume chake, mwanga mwingi, laksi 500 kwenda juu. Wakati mwingine kinachoitwa macho mabovu ni balbu mbovu.

Kuna jambo ambalo kadi haipimi hata kidogo. Herufi ya kadi ni nyeusi tii juu ya karatasi nyeupe. Ufa ni kijivu juu ya kijivu. Mtoto wa jicho akianza, mtu anaweza bado kusoma mstari mdogo chini ya mwanga mzuri huku uwezo wake wa kutofautisha vivuli umeshuka, na taa ikimpiga usoni anaona ukungu mtupu. Mwenye kisukari kisichotulia naye lenzi zake huvimba na kunywea kufuatana na sukari, leo anaona, wiki ijayo haoni, kisha anaona tena. Ukiona macho yanabadilika namna hiyo usikimbilie kubadili miwani, kapime sukari kwanza. Na usisubiri mwaka utimie. Mwaka ni mwisho wa kungoja.

Mara nyingine naulizwa kama haya yote yana uzito huo. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilianguka Sioux City, Marekani, ikiwa na watu 296. Walikufa 112. Diski ya feni ya injini ya mkiani ilikuwa imepasuka angani. Wachunguzi wa ajali walieleza kwamba ufa ule ulikuwepo wakati diski ilipokaguliwa mara ya mwisho kwa penetranti ya kung'aa, safari 760 kabla ya ajali, na juu ya chuma ulikuwa na urefu wa kama sentimita 1.2. Ulipita mbele ya macho ya mtu. Taarifa yao haikumlaumu mkaguzi kwa macho mabovu. Ililaumu utaratibu wa ukaguzi ambao haukuzingatia vya kutosha mipaka ya binadamu. Mimi nikiisoma narudi kwenye tangi langu, kwenye kijana na tochi.

Rangi nayo ina kipimo chake. ISO 9712 inataka uweze kutofautisha rangi au vivuli vya kijivu vinavyotumika katika njia unayofanyia kazi, na toleo la 2021 linataka kipimo hicho kila baada ya miaka mitano. Wengi wanatumia kitabu cha madoa ya rangi cha Shinobu Ishihara, daktari wa jeshi la Japani aliyekitoa mwaka 1917. Kitabu ni kizuri, lakini kinatafuta upofu wa rangi nyekundu na kijani, hakijui wewe unafanya nini. Upofu huo unarithiwa, unawapata wanaume mara nyingi zaidi kuliko wanawake, na wengi hawajijui hadi siku hiyo. Kiwango kinamtaka mwajiri ndiye aseme rangi zipi zinahitajika kwa kazi gani. Kwa hiyo kijana akianguka Ishihara, asifukuzwe siku hiyohiyo wala asifichiwe.

Tulikuwa naye mmoja karakana yetu, kijana hodari kuliko wote wa kundi lake. Alipoangushwa na kitabu aliomba asiandikwe. "Shikamoo mzee, nina mama na wadogo zangu watatu," aliniambia, na sikumlaumu, nilimjua alivyopambana kupata ada ya kozi. Tukampa vipande vya majaribio vyenye nyufa zinazojulikana. Nyekundu kwenye developa nyeupe alizipata zote, bila kukosa hata moja. Za kung'aa gizani alizipata zote. Vivuli vya filamu alivipanga vizuri kuliko mimi. Aliposhindwa ni kwenye mashine ya ultrasoniki inayochora picha ya rangi, ambapo nyekundu, kijani na rangi ya machungwa zinabeba ukubwa wa mwangwi. Kwake sehemu mbili za picha zilikuwa kitu kimoja. Tuliyaandika yote, pamoja na kizuizi kimoja: asitafsiri picha hizo kwa rangi za kawaida. Baadaye tuligundua mashine ile ina mpangilio mwingine wa rangi, kutoka nyeusi hadi nyeupe. Tukampima upya kwa huo.

Mliopewa kazi ya kupima wenzenu, nawaomba mambo machache. Msikubali fomu iliyokuja imejazwa. Nilifanya kazi mahali ambapo karani alizileta Januari zikiwa na sahihi tayari, sisi tunaweka majina, na nilikubali, na hilo linaniuma hadi leo. Andikeni tarehe, kadi gani, umbali gani, jicho lipi, kwa miwani au bila, na nani amepima. Kama ni kwa miwani, andikeni ni ipi. Badilisheni kadi. Na mtu akianguka, msimwaibishe mbele ya wenzake. Ni kweli kwamba chini ya ISO 9712 kushindwa kipimo cha mwaka kunasimamisha uhalali wa cheti, ila mara nyingi kinachohitajika ni safari moja ya kwa mpima macho na wiki ya kusubiri lenzi. Mpeni wiki hiyo kwa malipo. Akijua mshahara utakatwa, mwakani atakariri.

Ule mshono wa tangi ulisagwa ukachomelewa upya. Sikuishia hapo. Nilimwendea msimamizi nikamwambia weldi zote nilizopitisha tangu nipimwe zirudiwe. Zilikuwa 61. Alikasirika, kisha akaniuliza nitaanza lini. Nilianza Jumatatu iliyofuata, na miwani mipya ya sentimita 55, na kijana yuleyule akinishikia tochi.